Barua Niliyolazimika Kuifuta: Miezi Saba na Simuleta ya Kompyuta

Barua niliyowaandikia mafundi wa Mtwara ilikuwa na kurasa mbili, grafu tatu na pendekezo moja: wanunue bodi ya bei ya juu, ile yenye kashe ya pili (ngazi ya pili ya kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa) ya megabaiti 2, kwa kuwa uigaji wangu, yaani kuendesha programu yao ndani ya simuleta, programu inayojifanya kompyuta nyingine, ulionyesha kwamba ingeharakisha kazi yao kuliko badiliko jingine lolote. Siku kumi na tisa baadaye niliwapigia simu kuwaomba wasinunue. Kati ya barua na simu hiyo ndipo nilipojifunza sehemu kubwa ya ninachokijua leo kuhusu kuiga utendaji wa kompyuta, na ninayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayepewa kazi kama niliyopewa mimi, yaani kutabiri kasi ya mashine ambayo bado haijafika mezani kwake.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa kompyuta jijini Dar es Salaam. Kikundi cha mafundi hao wa Mtwara, cha vijana wanne na mama mmoja aliyekuwa ndiye mwenye fedha, kilikuwa kinaunda mashine ya kupanga madaraja ya korosho zilizobanguliwa. Wanaoifahamu biashara hii wanajua kwamba korosho nzima nyeupe huuzwa kwa daraja kama W240 au W320, na kwamba namba hiyo inaeleza idadi ya korosho zinazoingia katika ratili moja, hivyo namba ikiwa ndogo korosho huwa kubwa na bei hupanda. Mashine yao ilikuwa na kamera iliyotazama sinia kutoka juu, ikapiga picha ya pikseli 2,048 kwa 1,536, kisha programu ikaisafisha picha na kupima kila korosho. Ilifanya kazi vizuri, ila polepole mno. Akina mama wanaochambua kwa mkono walikuwa wakimaliza sinia kabla mashine haijatoa jibu.

Mashine ya majaribio ilikuwa Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye prosesa ya muundo wa Cortex-A53 inayokwenda gigahezi 1.2 na kashe ya pili ya kilobaiti 512. Muundo huo wa kampuni ya Arm humruhusu mtengenezaji wa chipu kuchagua ukubwa wa kashe ya pili, kuanzia kilobaiti 128 hadi megabaiti 2, na kikundi kilikuwa kimeletewa bei za bodi mbalimbali. Swali lao lilikuwa wazi kabisa: je, kashe kubwa italipa gharama yake? Hatukuwa na bodi hizo, na wauzaji hawakuwa tayari kuziazima. Katika simuleta, hata hivyo, ukubwa wa kashe ni tarakimu tu ambayo mtu huibadilisha na kuendesha tena. Niliwaambia nipeni wiki mbili. Yule mama akanijibu, "Chukua muda wako, mwanangu, ila kumbuka hiyo bodi tutainunua kwa fedha ya korosho za watu."

Nilichagua gem5, simuleta ya bure iliyozaliwa mwaka 2011 baada ya kuunganishwa kwa kazi mbili, M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Historia hiyo si pambo. Ni kwa sababu ya ndoa hiyo kwamba simuleta ina mifumo miwili tofauti ya kuiga kumbukumbu, mmoja mwepesi na mmoja, uitwao Ruby, wenye maelezo ya kina zaidi kuhusu namna kashe za prosesa nyingi zinavyopatana, na mgeni anaweza kupoteza siku nyingi akisoma maelekezo ya mfumo ambao hautumii. Programu yetu ilitumia kiini kimoja tu cha prosesa, kwa hiyo mfumo mwepesi ulitosha. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza ningeokoa karibu wiki nzima.

Kuijenga simuleta yenyewe, yaani kuugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa, kulinishinda mara tatu. Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, nami kwa pupa niliamuru kazi nane ziende kwa wakati mmoja. Mashine ikajaa, ikaganda, ikazima. Ilipokubali hatimaye, kwa kazi mbili mbili na usiku mzima, nilikuwa nimejenga toleo la kutafutia makosa, ambalo huenda polepole mara kadhaa kuliko toleo la kawaida. Nililitumia siku tisa kabla ya mwanafunzi mwenzangu kuuliza kwa nini jina la faili langu linaishia na neno debug.

Kosa la kwanza kubwa lilinichukua wiki tatu, na ni la aibu kiasi kwamba kwa muda mrefu sikulisimulia. Niliendesha majaribio zaidi ya ishirini, kila moja na ukubwa wake wa kashe, nikachora grafu, na mistari yote ikawa imelala sambamba kama reli. Nikaandika aya nzima ya kueleza kwamba programu ya korosho haijali ukubwa wa kashe. Msimamizi wangu aliitazama grafu kwa sekunde chache tu. "Hata ungeweka kilobaiti moja isingebadilika?" aliuliza. Nilikwenda kujaribu kilobaiti moja. Muda ulirudi uleule hadi tarakimu ya mwisho.

Hakukuwa na kashe. Hati ya mfano niliyoitumia, se.py, haitengenezi kashe yoyote mpaka uiambie kwa chaguo la --caches, na kashe ya pili ina chaguo lake, --l2cache. Ukitaja ukubwa peke yake, inaupokea kimya na kuuacha. Zaidi ya hapo, prosesa ya chaguo-msingi katika hati hiyo ni ile iitwayo AtomicSimpleCPU, ambayo hukamilisha kila ombi la kumbukumbu papo hapo. Ni nzuri kwa kufika haraka mahali fulani ndani ya programu, lakini haifai kwa kupimia muda. Nilikuwa nimeuliza swali la kumbukumbu kwa mashine isiyojua kwamba kumbukumbu huchelewesha.

Tangu siku hiyo nina mazoea mawili. La kwanza ni kufungua faili la config.ini ambalo simuleta huliandika kila inapoanza na kusoma mashine iliyojengwa kweli, kwa sababu mashine niliyodhani nimeiagiza na iliyojengwa zinaweza kuwa mbili tofauti. La pili ni kuanza kila utafiti kwa jaribio ambalo jibu lake ninalijua: programu ndogo inayopita mara nyingi juu ya safu ya kilobaiti 16, kisha 64, kisha 1,024, na ambayo lazima ionyeshe muda ukipanda kwa ngazi pale safu inapozidi kashe. Ngazi zisipoonekana mahali pake, siendelei. Jaribio hilo huchukua dakika, na lingeokoa zile wiki tatu.

Baada ya kuwasha kashe na kuhamia MinorCPU, kielelezo cha prosesa inayotekeleza maagizo kwa mpangilio wake kama Cortex-A53, nilikutana na gharama ambayo watu huieleza kwa haraka mno. Katika mashine yangu, uigaji wa kina ulikwenda maagizo laki mbili hivi kwa sekunde. Kuchambua sinia moja ya korosho kulihitaji maagizo karibu bilioni 12. Gawanya: ni sekunde 60,000, karibu saa 17, kwa picha moja, kwa ukubwa mmoja wa kashe. Nilikuwa na mipangilio kumi na minane ya kujaribu, na umeme usioaminika.

Umeme ulikatika katika saa ya kumi na nne ya jaribio la pili. Nililianza upya, likafika mwisho, kisha nikaendesha la tatu bila kubadilisha jina la folda ya matokeo, na faili la takwimu la jaribio la pili likafutwa juu kwa juu. Siku hiyo nilitoka maabara bila kumuaga mtu. Kesho yake nilinunua betri ya akiba iliyotumika, kwa shilingi laki tatu na nusu nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya nauli ya Krismasi, na nikaandika hati fupi inayompa kila jaribio folda yenye tarehe, ukubwa wa kashe na toleo la programu katika jina lake. Betri ilisaidia. Hati ilisaidia zaidi.

Nilijifunza pia kutumia chekipointi, ambayo ni kuhifadhi hali ya mashine inayoigwa ili kuirudia baadaye bila kuanza mwanzo. Unapita sehemu ya maandalizi kwa prosesa nyepesi, unahifadhi, kisha majaribio yote ya kina huanzia hapo. Lakini kuna jambo lililonitega: katika mfumo nilioutumia, chekipointi haihifadhi yaliyomo ndani ya kashe. Unaporudi, kashe ni tupu, na mamilioni ya maagizo ya mwanzo yataonekana ya polepole kuliko yalivyo kweli. Ni lazima uiache programu iende kwa muda ili kashe zipate joto, ndipo uzifute takwimu na kuanza kuhesabu. Na kashe kubwa huhitaji muda mrefu zaidi kupata joto kuliko ndogo, hivyo asiyeliangalia hilo ataionea kashe kubwa bila kujua.

Hata baada ya hayo, saa 17 zilibaki saa 17. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule nililiona la werevu. Watu waliobobea hawaigi programu nzima. Huchagua vipande vinavyowakilisha. Njia iitwayo SimPoint, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutazama ni sehemu zipi za programu zinazotekelezwa katika kila kipindi, huvipanga vipindi vinavyofanana katika makundi, kisha huiga kipindi kimoja tu kutoka kila kundi. Mimi sikutaka kujifunza kifaa kingine. Nilipunguza picha. Badala ya pikseli 2,048 kwa 1,536, nilitumia 512 kwa 384, ambayo ni ndogo mara 16 kamili, na jaribio likashuka hadi saa moja na dakika chache. Ndani ya siku tatu nilikuwa na matokeo yote kumi na nane. Kashe ya megabaiti 1 haikusaidia kitu. Kashe ya megabaiti 2 ilipunguza muda wa hatua nzito zaidi kwa zaidi ya nusu. Niliandika barua usiku uleule.

Msimamizi wangu, ambaye nilikuwa nimempelekea nakala, aliandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza maneno matatu: "Umelinganisha na kifaa?" Sikuwa nimelinganisha. Nilikuwa na Raspberry Pi ya kikundi mezani kwangu kwa miezi mitatu na sikuwa nimewahi kuuliza kama simuleta inakubaliana nayo kwa kashe ile ya kilobaiti 512, ambapo hakuna cha kutabiri na ukweli uko mkononi.

Matokeo yalikuwa mabaya. Kifaa halisi kilichukua karibu mara mbili ya muda uliotabiriwa. Nilifanya jambo ambalo ninaliogopa zaidi kuliko makosa mengine yote katika simulizi hii, kwa sababu lilifanana sana na kazi nzuri: nilianza kusogeza vigezo. Nikaongeza ucheleweshaji wa kumbukumbu kuu, nikapunguza upana wa njia ya data, nikaongeza mizunguko ya kashe ya pili, mpaka namba mbili zikafanana. Niliziita vigezo vilivyosahihishwa. Siku mbili baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine, nilitekeleza amri ya vcgencmd get_throttled kwenye kifaa, nayo ikaniambia kwamba kilikuwa kinapata volti pungufu. Nilikuwa nakiendesha kwa chaja ya simu. Bodi hiyo ikihisi njaa ya umeme hupunguza kasi ya prosesa kutoka megahezi 1,200 hadi 600, na isipounganishwa na skrini haimwambii mtu asiyeuliza. Nilikuwa nimetumia siku mbili kuifunza simuleta yangu iige mgonjwa.

Kwa hiyo, kabla hujakiamini kifaa halisi kama kipimo, kipime chenyewe. Adapta iwe ya kutosha. Kasi ya prosesa ifungwe mahali pamoja isipande wala kushuka. Joto litazamwe, maana bodi hii huanza kujipunguza ikifika nyuzi 80, na chumba kisicho na feni mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam kinakufikisha huko bila jitihada. Rudia kila kipimo mara nyingi, na si kwa namna moja tu: mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Todd Mytkowicz walionyesha kwamba hata ukubwa wa vigeu vya mazingira (maelezo mafupi ambayo kila programu hupewa inapoanza) katika mfumo wa Unix, au mpangilio wa kuunganisha vipande vya programu, unaweza kubadilisha muda kiasi cha kumfanya mtu adhani ameboresha kitu ambacho hakukigusa. Nilipolisoma hilo nilijaribu kuendesha programu yetu kutoka akaunti mbili tofauti na tofauti ikaonekana, ndogo lakini ya kudumu.

Kwa adapta ya kweli, kifaa kilirudi kwenye kasi yake na simuleta, niliyoirudisha kwenye vigezo vya mwanzo, sasa ikawa inakwenda haraka kidogo kuliko kifaa. Sababu moja niliipata katika config.ini: kumbukumbu kuu ya chaguo-msingi katika hati yangu ilikuwa ya aina ya DDR3-1600, ilhali Raspberry Pi 3 hutumia LPDDR2, iliyo nyembamba na ya polepole zaidi. Niliibadilisha. Tofauti ikashuka hadi chini ya sehemu moja kwa kumi kwa hatua ya kusafisha picha, nami sikuisukuma zaidi, kwa sababu kila kigezo ambacho ningekisogeza kuanzia hapo kingekuwa cha kujifurahisha.

Ulinganisho huo ulinilazimisha kutumia picha kamili, kwa kuwa ndiyo kifaa kinachoitumia. Nilipokuwa hapo, nikaona ni vyema kuendesha pia mpangilio wa megabaiti 2 kwa picha kamili, angalau mara moja, ili kupamba barua ya pili. Saa 17 baadaye faida yote ilikuwa imeyeyuka. Kilobaiti 512, megabaiti 1, megabaiti 2: muda uleule, kwa tofauti isiyostahili kutajwa.

Nilidhani simuleta imeharibika. Haikuwa hivyo, na nilipoacha kubonyeza nikachukua daftari la miraba, jibu lilikuja kwa hesabu za shule ya msingi. Kashe haiweki data popote inapotaka. Imegawanywa katika seti, kama vishubaka vya barua pale posta, na anwani ya data ndiyo huamua kishubaka. Kila kishubaka cha kashe ya pili katika prosesa hii kina nafasi 16, kila nafasi ya bloku moja ya baiti 64. Kashe ya kilobaiti 512 ina vishubaka 512. Sasa, hatua nzito katika programu yetu ilikuwa ya kulainisha picha kwa wima: inashuka safuwima moja kutoka juu hadi chini, kisha inahamia safuwima inayofuata. Mstari mmoja wa picha una pikseli 2,048 za baiti 4, yaani baiti 8,192, yaani bloku 128 kamili. Kila unaposhuka mstari mmoja unaruka vishubaka 128, na baada ya kuruka mara nne umerudi ulipoanzia. Safuwima nzima, kwa hiyo, inatumia vishubaka vinne kati ya 512, nafasi 64 tu, huku ikihitaji bloku 1,536 za picha inayosomwa na nyingine 1,536 za picha inayoandikwa. Vishubaka vingine vyote vimekaa vitupu.

Ongeza kashe hadi megabaiti 1 na nafasi zinakuwa 128. Ongeza hadi megabaiti 2, zinakuwa 256. Bado unahitaji 3,072. Kila bloku inatupwa nje kabla ya kutumika tena, na kwa kuwa bloku moja ina pikseli 16 zinazokaa kando kwa kando, programu inaifuata ileile katika kumbukumbu kuu mara 16 badala ya mara moja.

Na picha yangu ndogo? Mstari wake una baiti 2,048, yaani bloku 32. Katika kashe ya megabaiti 2 yenye vishubaka 2,048, safuwima inapata vishubaka 64, nafasi 1,024, na inahitaji 768 tu. Ikaenea. Katika megabaiti 1 nafasi ni 512, hazitoshi. Kila namba katika barua yangu ilikuwa sahihi, kuhusu picha ambayo hakuna mtu angeipiga. Kupunguza kazi ili uigaji uwe mfupi kunakubalika pale tu ambapo uhusiano kati ya data na kashe unabaki kama ulivyokuwa, na namna salama ya kupunguza katika mfano wetu ingekuwa kubakiza upana na urefu wa picha na kuiga safuwima mia moja za kwanza peke yake. Hilo lingechukua muda mfupi kuliko hata ile picha ndogo.

Niseme pia kwamba hesabu hii ni ya mpangilio wa kumbukumbu ulivyo ndani ya simuleta, ambapo kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambavyo programu hugawiwa, hutolewa kwa kufuatana. Katika kifaa halisi mfumo wa uendeshaji hutoa kurasa zilizotawanyika, jambo linaloweza kuongeza vishubaka mara mbili katika kashe ya kilobaiti 512. Nafasi 128 badala ya 64 haziokoi bloku 3,072, lakini katika programu nyingine tofauti hiyo ingeweza kugeuza jibu.

Simu kwa yule mama niliiahirisha siku mbili. Nilipompigia nilianza kwa shikamoo ndefu, nikaeleza kwamba nilikosea, kwamba bodi ya bei ya juu isingewasaidia, na kwamba ninaomba wasitume fedha. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza nimejuaje kwamba sasa hivi sikosei. Ni swali bora kuliko lolote nililoulizwa siku ya kutetea tasnifu, na jibu pekee nililokuwa nalo ni kwamba safari hii nilikuwa na sababu inayoweza kukaguliwa kwa kalamu, na jaribio linaloweza kufanywa kwenye kifaa chao wenyewe jioni ileile, bila kununua kitu.

Jaribio lilikuwa hili: tenga nafasi ya pikseli 16 zisizotumika mwishoni mwa kila mstari wa picha ndani ya kumbukumbu. Mstari unakuwa bloku 129 badala ya 128, na kwa kuwa 129 ni namba witiri, kila unaposhuka unaangukia kishubaka kipya mpaka vyote vimetumika. Bloku 3,072 ni kilobaiti 192, zinaingia katika 512 na nafasi inabaki. Gharama yake ni kilobaiti 96 za kumbukumbu kwa kila picha. Mmoja wa vijana alibadilisha mistari miwili ya msimbo, na hatua ya kulainisha ikashuka hadi karibu theluthi ya muda wake wa awali kwenye kifaa, karibu sana na ilivyotabiriwa na simuleta.

Nilikuwa bado najipongeza pale mhandisi mmoja mstaafu, aliyekuja maabara kwa shughuli nyingine, aliposoma msimbo huo akiwa amesimama na kuuliza kwa nini tunashuka safuwima badala ya kupita mstari kwa mstari. Tuligeuza mpangilio wa vitanzi viwili, yaani sehemu za msimbo zinazojirudia. Kasi ikaongezeka tena, na safari hii kifaa kilikwenda haraka kuliko simuleta ilivyosema, kwa sababu prosesa halisi ina kitengo kinachovuta data mapema inapoona mpangilio wa kufuatana, nami sikuwa nimekiweka katika kielelezo changu. Ni kweli kwamba mtu makini angeliona tatizo hilo bila simuleta. Hata hivyo, kusoma msimbo kusingejibu swali tuliloulizwa, lile la megabaiti 2, na kwenye kifaa cha kilobaiti 512 hakuna kipimo ambacho kingelijibu.

Lipo jambo moja ambalo simuleta haikuweza kulijua, nami nilipaswa kulitambua mapema. Nilitumia namna ya uigaji ambayo haina mfumo wa uendeshaji ndani yake. Programu inapoomba kusoma faili, kompyuta mwenyeji ndiyo huitimiza, na katika saa ya mashine inayoigwa hakuna muda unaopita. Kwenye kifaa, kuipokea picha kutoka kwenye kamera na kuiandika kwenye kadi ya kumbukumbu kulichukua sekunde kadhaa kwa kila sinia. Nilikuwa nimeilinganisha hatua ya kusafisha peke yake na kuridhika. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alishalisema mwaka 1967 kwamba kuharakisha sehemu moja ya kazi kunawekewa kikomo na sehemu usiyoigusa, na hapa sehemu isiyoguswa ilikuwa kadi. Vijana waliacha kuhifadhi kila picha, wakabakiza zile tu ambazo mashine ilikuwa na shaka nazo.

Kutoka ahadi ya wiki mbili ilikuwa imepita miezi saba. Kikundi kilinunua bodi kumi za kawaida, zenye kashe ya kilobaiti 512, na katika orodha yao ya manunuzi, juu ya bodi zenyewe, kijana mmoja alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: ADAPTA ZA UMEME, KUMI, SI CHAJA ZA SIMU.